Taa ya Shule, Mali ya Kijiji

Nawasalimu mlioko Sake, Mushaki na Rubaya. Nawasalimu wa Kitchanga, Mweso na Nyabiondo. Nawasalimu wa Pinga, Mubi, Njingala na Walikale penyewe, pamoja na ninyi nyote ambao vita vimewatoa makwenu na sasa mnatusikilizia kwa jamaa au chini ya hema.

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya taa. Ni taa ambayo shule yoyote ya Masisi au Walikale inaweza kuitengeneza kwa vitu vilivyotupwa, ikaitundika katikati ya darasa, ikawa kazi ya sanaa ya watoto na mali ya kijiji kizima. Ninalileta wazo hili kama pendekezo kwa walimu, kwa wakurugenzi wa shule, kwa wazazi na kwa watoto wenyewe. Ninaliamini pendekezo hili, na naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Tuanze na giza lenyewe. Sisi tunaishi karibu kabisa na ikweta. Mvua inyeshe au isinyeshe, jua letu huzama mwendo wa saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Mtoto ametoka shule, amekwenda kuteka maji, ameokota kuni, amembeba mdogo wake mgongoni mama apate kupika. Anapokuja kulifungua daftari, giza limekwisha kuingia. Na mtoto huyo ana mitihani inayomngoja: wa darasa la sita anajiandaa kwa mtihani wa taifa wa kumaliza masomo ya msingi, kaka yake au dada yake anajiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Tangu Septemba 2019, serikali ilipoondoa malipo katika shule za msingi za umma, madarasa yetu yamejaa watoto. Ada ya darasani iliondolewa, lakini giza la nyumbani halikuguswa. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika Kongo nzima ni mtu mmoja tu kati ya watano hivi anayepata umeme, na vijijini idadi hiyo inashuka mno.

Wazee wetu hawakukaa tu wakiliangalia giza. Walichukua kopo la maziwa au la nyanya, wakalitoboa juu, wakapitisha utambi wa kitambaa kikuukuu, wakatia mafuta ya taa. Wengine wanaiita koroboi, wengine kibatari, na jirani zetu wasemao Kinyarwanda wanaiita agatadowa. Hiyo ni taa iliyoundwa kwa takataka, na imesomesha watu wengi ambao leo ni madaktari na wanasheria. Naiheshimu. Lakini moshi wake unaingia katika mapafu ya mtoto aliyeinamia daftari, moto wake umeunguza nyumba za majani na mahema, na mafuta yake, yakiwekwa katika chupa ya soda, hunywewa na watoto wadogo wakidhani ni maji. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2014 likizishauri nchi ziache kutumia mafuta ya taa majumbani. Kwa hiyo taa ninayoisema leo inarithi akili ya koroboi na kuuacha moto wake.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mtoto wa Masisi na Walikale anapaswa kufundishwa darasani. Pale Rubaya, katika Masisi, panatoka koltani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba machimbo ya Rubaya yanatoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, na tantalamu ndiyo inayotengeneza vile vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Pale Bisie, katika Walikale, panatoka kasiteriti, yaani mawe ya bati. Kwa miaka mingi vijana wetu waliyabeba mawe hayo mgongoni, gunia la kilo 50, wakipita msituni hadi Njingala. Tangu 2019 kuna mgodi wa viwandani pale, na mgodi huo peke yake sasa unatoa karibu asilimia 6 ya bati lote linalochimbwa duniani. Bati hilo linakwenda wapi? Karibu nusu ya bati la dunia hutumika kulehemu, kuunganisha nyaya na vipande vidogo ndani ya vyombo vya umeme. Fungua redio unayoisikiliza sasa hivi, utaona vitone vya rangi ya fedha vilivyoshikilia kila kitu mahali pake. Hivyo ni bati. Fungua tochi, fungua taa ya LED, ni hivyo hivyo.

Nataka tulielewe hili vizuri. Watu wa maeneo haya wanashiriki katika taa zinazowaka Tokyo na Paris, kwa jasho lao na mara nyingine kwa maisha yao, kwa sababu mashimo hayo yamefukia wengi. Mtoto aliyeacha shule ili akaoshe mchanga wa koltani anaushika mkononi mwanzo wa taa, na mwisho wake haufiki kwao. Mtoto huyo ana haki ya kujua taa inaundwaje. Ana haki ya kuiunda kwa mikono yake walau mara moja kabla hajamaliza shule.

Kuna jambo lingine, la ng'ambo ya ziwa. Bukavu ina bwawa la umeme la Ruzizi, lile la kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Maji yake yanatoka Ziwa Kivu. Mvua ikinyesha, chupa za plastiki, bidoni, mifuko na viatu vilivyotupwa milimani huteremka na mifereji hadi ziwani, na maji huvisukuma hadi mdomoni mwa bwawa. Wafanyakazi wa SNEL, shirika la umeme la taifa, wamekuwa wakivitoa, na mara kwa mara takataka hizo zimeziba na kuharibu mitambo, na mitaa ikabaki gizani. Sisi wa huku tusiseme kwamba hilo ni la watu wa Bukavu. Maji ya Sake huingia katika Ziwa Kivu lile lile. Maji ya Walikale hufuata Mto Lowa mpaka Lualaba, na chupa inayotupwa sokoni Walikale leo inaweza kufika mbali kuliko aliyeitupa.

Chupa moja ya plastiki, basi, inaweza kuzima taa za mji. Chupa hiyo hiyo, ikiokotwa, ikaoshwa na kutundikwa na mtoto wa shule, inaweza kusaidia kuangaza darasa. Kinachotofautisha mambo hayo mawili ni kama jamii imekaa, ikapanga, ikafanya kazi pamoja. Hilo ndilo ninalotaka tulishike leo: taa hii ni somo la jinsi watu wanavyoweza kuwa jamii tena.

Nisikilizeni, ndugu zangu. Hapa kwetu watu wamekimbia mara nyingi. Kijiji kimehama, kimerudi, kimehama tena. Shule zimelaza wakimbizi, nyingine zimekaliwa na wenye silaha, madawati yamechomwa kuni. Darasani leo anakaa Mhunde na Mtembo, Mnyanga na Mkano, Mhutu na Mtutsi, na kila mmoja amesikia nyumbani kwao habari za yule mwingine. Mwalimu anaweza kuhubiri amani kutwa nzima, na watoto wakaitikia ndiyo, mwalimu. Lakini uwape rimu moja ya baiskeli iliyopinda, uwaambie kwamba itabeba vitu kutoka kila nyumba, ile yenye ng'ombe na ile isiyo na sufuria ya pili, uone kama hawatalazimika kusemezana. Atakayeshika waya atamhitaji atakayeshika koleo. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na watu wa Masisi wanajua zaidi ya wengine kwamba msemo huo ni wa kweli.

Wala tusidhani kwamba sanaa ni kitu cha wazungu au cha watu wa Kinshasa. Tazameni chukudu. Ni baiskeli ya mbao, lakini magurudumu yake yamevikwa mpira wa tairi kuukuu la gari, na inateremka milima ya Masisi ikiwa imebeba magunia ya viazi na makala. Aliyeiunda hakusoma uhandisi. Mji wa Goma umeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye njia panda kubwa. Tazameni watoto wetu, wanaounda magari kwa waya na makopo ya sadini, magurudumu ni vizibo vya chupa au nyayo za kandambili, na usukani mrefu wa kuyaongozea wakiwa wamesimama. Katika Walikale, Wanyanga wamekuwa na wasimulizi wa utenzi wa Mwindo, na utenzi huo, ulipoandikwa na kuchapishwa mwaka 1969, ulisomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Katika utenzi huo shujaa Mwindo anachukuliwa na Nkuba, bwana wa radi, hadi juu mbinguni, akafundishwe adabu na jua, mwezi na mvua kabla hajarudi kutawala watu. Kwa hiyo nchi yetu ina mafundi, na ina hadithi za mwanga. Kinachokosekana ni shule kuvileta viwili hivyo pamoja na kuviandikia saa katika ratiba.

Kwingine wamefanya nini? Nitataja wachache. Malawi, wakati wa njaa ya 2001 na 2002, kijana aitwaye William Kamkwamba aliacha shule kwa sababu wazazi walikosa karo. Alikuwa na miaka 14. Akaenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, akaona kitabu cha nishati chenye picha za mitambo ya upepo. Akakusanya fremu ya baiskeli, feni ya trekta iliyoharibika, mabomba ya plastiki na dainamo, akasimamisha mtambo juu ya miti, na nyumba ya baba yake ikapata taa. Watu walimcheka alipokuwa akichakura jalalani. Walipoona balbu inawaka, walileta simu zao kuchaji. Angalieni ilianzia wapi: katika maktaba ya shule ya msingi ya kijijini.

Kinshasa yupo Freddy Tsimba, aliyezaliwa mwaka 1967. Anaunda sanamu za watu kwa vijiko, funguo, mapanga na maganda ya risasi yaliyookotwa mahali palipopiganwa vita. Kitu kilichotumika kuua, yeye anakifanya kiwe mwili wa mama mjamzito, na watu wa nchi za mbali husimama mbele yake wakiitafakari Kongo. Huko Lamu, pwani ya Kenya, mafundi wa majahazi waliunda jahazi zima kwa tani 10 za plastiki iliyookotwa, wakalivika maelfu ya vipande vya kandambili vya rangi zote, likaitwa Flipflopi, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Na Brazil, katika mji wa Uberaba, fundi wa magari aitwaye Alfredo Moser alichoshwa na kukatika kwa umeme, na mwaka 2002 akajaza chupa ya plastiki maji na javeli kidogo, akaipenyeza katika tundu la paa, nusu nje, nusu ndani. Maji yakalipokea jua na kulitawanya chumba kizima, kwa mwanga wa balbu ya wati 40 hadi 60. Javeli inazuia maji yasiote ukijani. Kuanzia Ufilipino mwaka 2011, chupa hiyo ilisambazwa katika nyumba za maskini wa nchi nyingi. Madarasa yetu mengi ni ya mbao, yenye madirisha madogo na paa la bati. Mchana tu mtoto wa nyuma haoni ubao. Chupa ya Moser inatufaa hata kabla ya usiku kuingia.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Mwalimu, nisikilize hatua kwa hatua.

Kwanza ni kukusanya, na hapa sina budi kutoa onyo kabla ya neno lingine lolote. Nchi yetu imepigwa mabomu. Mashambani, kando ya barabara, hata nyuma ya shule, kuna vyuma ambavyo havijalipuka. Mtoto asitumwe kuokota vyuma porini. Vitu vyote vya taa hii vitoke nyumbani, dukani au sokoni, kutoka mkono wa mtu mzima anayejua kitu hicho kilikuwa nini. Mtoto akiona chuma asichokijua asikiguse, asikikaribie, arudi kwa njia aliyojia na kumwambia mtu mzima, na mtu mzima awaarifu wakuu wa mahali. Mwalimu aliseme hili siku ya kwanza, alirudie kila siku ya kazi. Freddy Tsimba ni mtu mzima na fundi wa miaka mingi. Watoto wetu wasimwige kwa maganda ya risasi, wamwige kwa vijiko.

Kila nyumba itoe kitu kimoja. Kopo la mafuta ya PAM, yaani Shirika la Chakula Duniani, lile la bati linalong'aa ndani. Kopo la maziwa. Chupa ya maji. Vizibo vya bia na soda. Kijiko kilichovunjika mpini. Sahani ya CD iliyokwaruzika, kwa maana inarudisha mwanga vizuri. Kadi za unite za simu. Kandambili iliyokatika. Kikombe cha plastiki cha mtoto aliyekua. Mama aliyepoteza kila kitu akitoa kifungo cha kanga, kipokewe. Mwandikishaji wa darasa aandike katika daftari: nyumba fulani, kitu fulani. Daftari hilo ni sehemu ya kazi ya sanaa, litunzwe ofisini kwa direkta.

Betri za redio zilizokwisha zikusanywe pia, ila ziwekwe kando katika bidoni kavu. Zisivunjwe, zisichomwe, zisitiwe katika taa kama urembo. Zinavuja, na uchafu wake ni sumu kwa udongo wa mahindi yetu na maji ya mtoni. Betri za simu zilizovimba zisiguswe na watoto kabisa.

Pili ni kuunda. Mwili wa taa ni rimu ya baiskeli au ya pikipiki, inayoning'inia kwa kamba tatu. Hapa mwalimu wa hesabu aingie kazini. Kamba tatu zifungwe wapi ili rimu isiinamie upande? Watoto wapime mzingo, wagawanye kwa tatu, watie alama. Upande mmoja ukiwa na makopo mazito, upande wa pili uwekwe nini? Watakuwa wamejifunza duara na mizani bila kukariri sentensi hata moja. Kopo likitaka kutobolewa maua au majina, lijazwe kwanza mchanga wenye maji na kushindiliwa, lisibonyee, kisha litobolewe kwa msumari na nyundo. Kingo zote zilizokatwa zikunjwe na kupondwa, zisikate vidole. Chini ya chupa ya plastiki kuna umbo la ua tayari: likate, utapata petali. Rangi zitoke kwa fundi seremala aliyebakiwa na rangi kidogo. Na mchoro wa taa usitoke kwa mwalimu. Kila kundi lichore, darasa zima lichague.

Tatu ni mwanga. Usiwepo moto ndani ya taa hii: hakuna mshumaa, hakuna utambi. Tunatumia LED, ambazo ni taa ndogo zinazokula umeme kidogo sana. Wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya buluu yenye mwanga mkali, kwa sababu bila hiyo LED nyeupe isingewezekana. Leo LED hizo zimo ndani ya tochi ya bei nafuu na hata katika viberiti vya gesi vinavyouzwa sokoni. Tochi ikifa, mara nyingi kilichokufa ni betri au swichi, na LED zake bado ni nzima. Fundi wa redio, ambaye karibu kila soko letu linaye, aalikwe shuleni. Awaonyeshe watoto jinsi ya kuipima LED, upi ni upande wa chanya na upi wa hasi, na jinsi bati linavyoyeyuka na kushika waya. Wakati huo mwalimu awaambie: watoto, bati hili limetoka Bisie au mahali pengine kama Bisie. Kulehemu kufanywe na fundi, watoto waangalie kwa umbali, na dirisha liwe wazi.

Umeme wenyewe utoke katika paneli ndogo ya jua na betri yake nzima. Hiki ndicho kitu kimoja ambacho pengine kitanunuliwa. Kamati ya wazazi ichangishe, au mfanyabiashara mmoja wa soko ajitolee, na jina lake liandikwe katika lile daftari pamoja na jina la mama aliyetoa kifungo, kwa mwandiko wa ukubwa ule ule.

Nne ni kutundika na kutunza, na hapa nafikiri kwa namna ya watu waliozoea kukimbia. Taa iundwe kwa vipande vinavyofunguka. Kila kopo na kila chupa ikae kwa ndoano, isigandishwe. Ikilazimu kuondoka, kila mtoto achukue kipande kimoja katika mfuko wake wa daftari, na fundi achukue paneli. Mahali pa kufikia, hata chini ya hema, watakapokutana watapata cha kuanzia shule. Paneli isilale juu ya paa usiku, watu wataichukua. Itunzwe kwa zamu katika nyumba zilizokubaliwa na kikao cha wazazi. Na zikija siku ambazo mwanga unaweza kuwavuta watu wabaya, taa ibaki imezimwa. Wazazi ndio wenye kujua usalama wa kijiji chao, neno lao lisikilizwe.

Wasichana washike waya na koleo. Nalisema kwa sababu najua yatakayotokea: wavulana wataunda, wasichana watafagia vipande. Mama mwalimu, gawanya zamu mwenyewe. Binti anayejua kuunganisha LED leo anaweza kesho kufungua kibanda cha kutengeneza simu Kitchanga au Mubi, na hicho ni kipato kisichomlazimu kwenda machimboni.

Sasa nawasikia baadhi yenu. Yupo baba anayesema: watoto wana njaa, mashamba tumeyaacha, wewe unatuletea habari za makopo. Baba, unayosema ni kweli, na mimi sitasema kwamba taa inashibisha. Lakini mtoto anayesoma usiku kwa mwanga usio na moshi anapata kitu ambacho hata tukikimbia kesho hakuna atakayemnyang'anya. Na mtoto aliyeona kazi ya mikono yake ikiwaka mbele ya kijiji kizima hapotei kirahisi kwa kila anayepita akimpa bunduki. Watoto wetu wamefundishwa na vita kwamba wanaweza kubomoa. Tuna deni la kuwaonyesha kwamba wanaweza kujenga.

Yupo mwingine anayesema: watoto wa matajiri wanasomea umeme, wetu wasomee takataka? Namjibu hivi. Taa ya shule haifuti deni la serikali, wala la makampuni yanayochimba hapa. Nchi inayotoa bati na koltani kwa dunia inapaswa kuwa na umeme katika shule zake, na lazima tuendelee kuudai bungeni, Kinshasa na kila mahali tunaposikilizwa. Kijiji kilichounda taa yake kitaudai kwa sauti yenye nguvu zaidi, kwa sababu kitakuwa kinajua umeme ni nini, unagharimu nini, na nani ameukalia.

Wakurugenzi wa shule, katika ratiba yenu kuna saa ya kazi za mikono. Mara nyingi saa hiyo watoto wanafyeka nyasi au wanabeba mawe. Itumieni. Muhula mmoja unatosha. Siku ya kuwasha, waiteni wazazi, wachungaji, mapadri na masheikh, waiteni viongozi wa mtaa, na watoto wasome daftari lile kwa sauti, nyumba kwa nyumba, kitu kwa kitu. Kila mtu asikie jina lake na la jirani yake. Kisha asimame mwanafunzi mmoja aeleze, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa au kwa lugha ya mama yake, taa hii inafanyaje kazi. Asipoweza kueleza, kazi haijaisha, mrudi tena mezani.

Mwalimu, usingoje barua kutoka Goma wala kutoka Kinshasa. Waambie watoto kwamba Jumatatu ijayo kila mmoja aje na kitu kimoja kutoka nyumbani, kisafi, kisichokata. Wazazi, mtoto akiwaomba kopo tupu, msimfukuze. Mpeni, liandikisheni, na siku ya kazi mje naye. Na ninyi mafundi wa redio, wa baiskeli na wa chukudu, shule ya kijiji chenu ikiwaita, nendeni, maana hapo ndipo ufundi wenu utapata warithi.